Ufuo Wetu Uko Kwenye Karatasi ya Kura

Mtu wa Mombasa akichoka hahitaji kushauriwa pa kwenda. Wa Mvita huteremka Mama Ngina kwenye mibuyu, akanunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, akakaa kutazama meli zikiingia Kilindini. Wa Kisauni na Bamburi huenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao sote twauita Pirates; watoto wakakodi maboya, wazee wakavua viatu na kutembea mchangani. Idi ikifika, Makadara hufurika. Raha zote hizi ni za bure, au karibu na bure, ndiyo maana zinamtosha mpishi wa hoteli, mchukuzi wa bandarini, mwalimu, na nyanya aliyevuka feri kutoka Likoni na wajukuu wake.

Ndugu zangu, nawaomba tuzungumze kuhusu anayezitunza raha hizi, kwa sababu wengi wetu tunapanga foleni ya kura bila kumfikiria.

Katiba ya mwaka 2010 ilitufanyia wema mkubwa. Kifungu cha 62 kinasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapofika yakijaa na yanapofika yakipwa ni ardhi ya umma. Mchanga ule unaolowa na kukauka mara mbili kwa siku ni wetu kwa sheria, iwe mbele yake pana hoteli ama pana kibanda cha mvuvi. Kisha Jedwali la Nne likazikabidhi serikali za kaunti kazi ya bustani, fuo na viwanja vya burudani. Kwa hivyo choo cha ufuoni kikikosa maji, taa zikizimika, takataka zikilala mpaka zikachukuliwa na bamvua, au kiwanja cha mpira cha mtaa kikianza kuzungushiwa mabati usiku, wa kwanza kuulizwa si Rais. Ni gavana, na ni mwakilishi wa wadi yako.

Linaloniuma zaidi ni njia. Mchanga unaweza kuwa wa umma na bado usiufikie. Kila mtu aliyekulia ukanda huu anakijua kichochoro alichopita utotoni kwenda kuogelea ambacho leo kinaishia kwenye ukuta au geti lenye mlinzi. Mipango ya ardhi ya kaunti hupitia bunge la kaunti, na bajeti nayo hupitia hapo hapo. Mombasa ina wadi 30. Mwakilishi mmoja anayejua kila kichochoro cha wadi yake, na anayesimama kuuliza kwa nini kimefungwa, ana thamani kwetu kuliko mabango yote ya kampeni.

Tusisahau kwamba waliotutangulia hawakuwa na nafasi hii. Mwaka 1988 Wakenya walipiga kura ya mchujo kwa mlolongo, watu wakijipanga hadharani nyuma ya mgombea. Mwaka uliofuata serikali ilipotaka jengo la ghorofa 60 lijengwe ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Wangari Maathai alilipinga kwa barua, moja baada ya nyingine, akatukanwa mpaka bungeni. Jengo halikujengwa, na Uhuru Park ipo mpaka leo. Alifanya hivyo Nairobi ikiwa haina gavana wa kupigiwa kura. Sisi tunaye wa kumpigia, tena kwa siri, hakuna anayekuona umeweka alama wapi.

Na nafasi hii tunaitumiaje? Mwaka 2022 karatasi za kura ya ugavana wa Mombasa zilipatikana na kasoro, uchaguzi huo ukaahirishwa kutoka tarehe 9 Agosti hadi tarehe 29. Wapiga kura walioandikishwa kaunti nzima walizidi 640,000. Aliyeshinda alipata kura kama 119,000. Simlaumu yeye, alichaguliwa na waliofika. Nasikitika tu kwamba mtu anayeshika fuo zetu, viwanja vyetu na bustani zetu hakuchaguliwa hata na mmoja kati ya kila watano. Najua siku hizo watu walikuwa wamechoka, na kukosa siku ya kibarua mara mbili si jambo dogo. Hata hivyo, ni wengi mno waliobaki nyumbani.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Kama hujajiandikisha, beba kitambulisho uende ofisi ya Tume ya Uchaguzi katika eneo bunge lako, usingoje siku za mwisho. Kama umehama kutoka Changamwe ukaenda Nyali, hamisha na kura yako, maana wadi unayoishi ndiyo yenye uwanja wanaochezea wanao. Kijana wako akitimiza miaka 18, fuatana naye akapate kitambulisho.

Siku yenyewe utapewa karatasi sita. Nakusihi, usiharakishe ukishamaliza ya Rais. Itazame ya gavana, itazame ya mwakilishi wa wadi, uwe umeshaamua kabla hujaingia kituoni. Na ili uamue, waulize wagombea wakija barazani kuomba kura: njia ipi ya kwenda pwani utaifungua? Uwanja huu wa watoto una hati, na hati ina jina la nani? Utatenga kiasi gani kwa waokoaji wa ufuoni na kwa vyoo? Waulizeni mbele ya watu, akina mama na vijana wakiwepo, na mmoja wenu aandike majibu kwenye daftari na tarehe yake. Daftari hilo mtakwenda nalo kaunti itakapowaita kutoa maoni kuhusu bajeti, mwaka wa kwanza baada ya kura, na mwaka wa pili, na wa tatu.