Masika ya Ruiru si Masika ya Mombasa

Sisi tuliozaliwa mwambao tuna kiburi kimoja: twajiona twaujua upepo. Na kwa nini tusijione? Wazee wetu walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, na nahodha aliyejua mwongo alijua lini kung'oa nanga na lini kupandisha chombo pwani. Kaskazi ikilegea na kusi ikibisha hodi, basi masika yamefika. Hayo niliyashika tangu nikiwa chuoni, sijahitimu hata juzuu ya kwanza, na nilipohamia Ruiru niliyachukua kama mtu achukuavyo mswala wake.

Kiburi hicho kiliwakosesha watu chakula. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Machi, shemeji yangu mwenye kishamba nje ya Thika aliniuliza, "Shemeji, nipande?" Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Nikatazama juu, nikamjibu kwa sauti ya mwenye elimu, "Ngoja. Kusi haijasimama, hiyo ni mvua ya kupita." Akangoja kwa kuniheshimu. Alipokuja kupanda, Aprili ilikuwa ukingoni. Mahindi yalitoka mazuri, yakafika magotini, mara mvua ikakatika mwisho wa Mei, yakaja mawingu ya baridi ya Juni yasiyo na maji ya maana. Hakuvuna hata kiasi cha mbegu aliyoikopa. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Aliyenionyesha nilipopotea ni jirani yangu wa Ruiru, mzee wa Kikuyu aliyestaafu ualimu. Si mtaalamu wa hali ya hewa. Ana kopo la kupimia mvua juu ya kigingi, mbali na mti na paa, na ana daftari za shule. Kila siku saa tatu asubuhi hupima, huandika, humwaga. Milimita moja koponi, alinifahamisha, ni lita moja ya maji juu ya kila mita mraba ya shamba. Pembeni huandika aliyoyaona: upepo umetoka wapi, mbayuwayu wamejikusanya lini kurudi Ulaya ambako baridi inakwisha, na mikahawa imechanua lini. Maana mkahawa hungoja. Ukame wa Januari na Februari huvilaza vitumba, mvua nzuri ya kwanza huviamsha, na baada ya wiki moja au siku kumi shamba zima huwa jeupe na kunukia kama asumini. "Maua haya yanajua kuwa mvua imenyesha," aliniambia, "lakini hayajui kama nyingine inakuja."

Kisha akafungua daftari. "Bwana Shehe, kwenu Mombasa masika hufika kilele mwezi wa Mei. Hapa kwetu ni Aprili. Ukingoja dalili za kwenu, huku umeshachelewa." Wenyewe huiita mvua hii ya njahi, na ile ya vuli huiita ya mwere, kila moja na zao lake. Fauka ya hayo, hata huku bara pahala na pahala hapalingani. Kadiri upandavyo kuelekea Nyandarua ndivyo mvua izidivyo. Ndakaini, kwenye bwawa linaloinywesha Nairobi, kunaweza kunyesha kutwa, na shamba lililo chini ya Thika, upande wa Yatta, likabaki vumbi tupu.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni wino mwekundu. Kila Februari mzee huandika makisio yake, na kila Juni huyarudia akatia wino mwekundu alipokosea. Kurasa nyekundu si chache. Nikamwuliza kwa nini asizichane. Akanijibu, "Nikizichana, nitajidhania najua."

Wako watakaosema kuwa kukisia mvua ni kujiingiza katika mambo ya Mola. Sura ya Luqmani yaitaja mvua pamoja na mambo ambayo ujuzi wake uko kwa Mwenyezi Mungu, nami naamini hivyo. Lakini anayelaumiwa ni kahini adaiye kuijua ghaibu, si mtu atazamaye alama. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mzee huyu sijamsikia akisema "itanyesha". Husema, "Miaka mingi nimeona hivi." Huo ni ushahidi, si uaguzi.

Na ushahidi wahitajika sasa kuliko zamani. Hata wataalamu wenye satelaiti huyaona masika magumu kuyakisia kuliko vuli, kwa kuwa vuli hufuata zaidi joto la bahari. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya. Kisha masika ya 2024 yakaja na gharika, na usiku wa kuamkia Aprili 29 maji yakaua watu wengi Mai Mahiu.

Alhasili, elimu ya wazee wetu wa pwani haikuwa na kosa. Kosa ni langu niliyeipeleka isikozaliwa. Ila yao haikuandikwa daftarini, na wajuao kuhesabu miongo wanatutoka mmoja mmoja. Kwa nini kila shule na kila madrasa isiwe na kopo lake na daftari lake? Idara ya Hali ya Hewa hutuambia habari za jimbo. Kopo hutuambia habari za shamba. Mkulima azihitaji zote mbili, na haigharimu ila subira ya kila asubuhi.

Siku hizi shemeji humwuliza mzee kwanza, kisha husikiliza redio, kisha hupanda. Tukikutana huniuliza, "Shemeji, kusi imesimama?" Hucheka, nami hucheka. Lakini nimenunua daftari, na kalamu nyekundu pia. Wallahu aalam.