Safu ya Matembezi: Bahari Ile Ile, Maji Mengine

Mitihani ya nusu ya kwanza ya mwaka imekwisha. Wenzetu wa Pietermaritzburg, Newcastle na Eshowe wamefunga mabegi wakaenda kwao. Hosteli tumebaki sisi wa mbali, ambao nauli ya ndege hadi Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe hatuna ubavu nayo. Katika toleo lililopita niliahidi kuwaandikia kuhusu mahali pa kupumzikia karibu na Durban, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila kukopa. Ahadi ni deni, na leo nalilipa. Lakini kwanza niungame jambo moja.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma. Februari yangu ya kwanza hapa nilishuka North Beach na wenzangu wawili, mmoja wa Kigoma na mwingine wa Kitale, nikawaambia wanifuate mimi kwa kuwa mwana wa pwani hafundishwi maji. Ufukweni palikuwa na bendera mbili, na watu wote walikuwa wamebanana katikati yake. Nikauona huo ni ushamba. Nikaenda pembeni, mahali palipotulia, ambapo mawimbi hayakuwa yakivunjika kabisa. Sikujua kwamba pale palitulia kwa sababu maji yalikuwa yakitoka kwenda kilindini.

Baada ya dakika chache niligeuka nikawaona wenzangu wadogo kama kuku. Nikapiga mbizi kurudi nchi kavu, nikapiga tena, na kila nilipoinua kichwa ufuko ulikuwa umezidi kuwa mbali. Sitaki kuwaeleza nilichokiwaza pale. Mwokoaji alinifikia na ubao wake, akaniambia niushike na niache kupigana na maji. Tulipofika mchangani aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu natoka Tanzania, pwani. Akacheka, akasema, "Kwani huko kwenu bendera hazipo?"

Ndugu msomaji, kwetu bendera hazipo kwa sababu tuna kitu kingine. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na miamba ya matumbawe. Wimbi kubwa huvunjika nje huko, likatufikia likiwa limechoka. Durban haina kinga hiyo mbele ya fukwe zake za mjini. Bahari ni ile ile ya Hindi, lakini wimbi linafika mchangani na nguvu zake zote, na maji yaliyosukumwa juu lazima yapate njia ya kurudi. Njia hiyo ndiyo mkondo ulionibeba. Basi shikeni haya. Ogeleeni katikati ya bendera, wakati waokoaji wapo zamu. Ukichukuliwa na mkondo, usishindane nao. Ogelea kwa kuambaa na ufuko, kulia au kushoto, hadi utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu. Ukichoka, elea na uinue mkono.

La pili ni mvua. Mto uMngeni unaingia baharini kaskazini kidogo ya fukwe za mjini, na mvua ikinyesha huleta kila kilichotupwa bondeni. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 katika mkoa huu na kuharibu mitambo ya majitaka. Tangu hapo fukwe zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa sababu ya uchafu wa vinyesi majini. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa tembea ufukweni, kula ndizi zako, lakini usiingie majini kabla hujahakikisha kwamba siku hiyo pameruhusiwa. Kuhusu papa, ambao wengi wenu huniuliza, nyavu za kuwazuia zilianza kutegwa Durban mwaka 1952. Zinasaidia waogaji, ingawa hunasa pia pomboo na kasa wasio na hatia.

Bendera hizi za leo zinatenga maji salama na maji ya hatari. Zamani zilikuwapo alama za namna nyingine. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu sehemu za umma kugawanywa kwa rangi za watu, na hapa Durban yalikuwapo mabango ya lugha tatu, Kiingereza, Kiafrikaans na Kizulu, yakitangaza kwamba ufuko fulani ni wa Wazungu peke yao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1990. Wazazi wa wanafunzi wengi tunaokaa nao darasani walikuwa wameshazaliwa. Nawaomba mlikumbuke hilo mtakapomwona mama wa makamo amevaa gauni lake lote, amesimama kwenye maji ya magotini, anacheka peke yake. Huenda si maji tu yanayomfurahisha.

Sasa twende matembezini, kuanzia karibu.

Wanaosoma Howard College hawana haja hata ya nauli. Chini kidogo ya kampasi ipo hifadhi ndogo ya msitu iitwayo Pigeon Valley, kipande cha msitu wa asili kilichosalia katikati ya nyumba. Nendeni asubuhi, ndege wakiwa wanaimba. Nendeni wengi pia, simu mkiwa mmezificha, maana vichaka vya mjini vina ndege na vina watu wengine.

Kutoka hapo si mbali na Bustani ya Mimea ya Durban, iliyoanzishwa mwaka 1849, na kiingilio ni bure. Mtafuteni mle mtapo mmoja ambao wataalamu huuita Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood, aliyekuwa msimamizi wa bustani hiyo, aliukuta mmea huo katika msitu wa oNgoye, kaskazini mwa hapa. Ulikuwa dume. Jike lake limetafutwa tangu wakati huo na halijaonekana popote. Mitapo yote ya aina hiyo iliyoko duniani ni machipukizi ya dume yule mmoja. Mwenzangu wa Kigoma, ambaye mwaka wa tatu sasa analalamika kuwa Durban hajapata mchumba, alisimama mbele ya mti ule kimya kwa muda mrefu. Tulimwacha.

Wanaokumbuka mikoko ya kwao waende Beachwood, kwenye mlango wa uMngeni, upande wa kaskazini. Ni hifadhi inayosimamiwa na Ezemvelo, hivyo ulizeni kwanza siku na saa za kuingia. Humo mna mkoko, msinzi na mchu, majirani watatu ambao kila mvuvi wa Rufiji anawajua kwa majina. Kaa wenye gando moja kubwa wanapunga mkono kama wanaita teksi, na visamaki vinarukaruka juu ya tope. Nilivua viatu, tope likanifikia kwenye vifundo vya miguu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilisikia harufu ya nyumbani.

Kwa kuwa hiki ni chama cha lugha, tusisahau Amanzimtoti, mji wa ufukweni ulio kusini mwa Durban, umbali wa chini ya kilomita 30. Teksi za huku, ndizo daladala au matatu zetu, zinakufikisha. Husimuliwa kwamba mfalme Shaka alikunywa maji ya mto wa hapo akasema kumbe maji haya ni matamu. Neno la kawaida la Kizulu lingekuwa *mnandi*, lakini mama yake aliitwa Nandi, na kwa adabu ya hlonipha jina la mkubwa halitamkwi ovyo. Likatumika *mtoti*. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, basi ramani nzima imeandikwa kwa heshima ya mama. Na wewe unayejifunza Kiswahili, tazama: *amanzi* ni maji. Neno hilo huhitaji kulikariri.

Nimeuacha Bluff mwisho kwa makusudi.

Bluff ni ule mgongo mrefu wa ardhi unaouona ng'ambo ya bandari. Upande wa bahari kuu kuna Treasure Beach, penye miamba na vidimbwi. Nendeni siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana. Mtaona samaki wadogo, viumbe kama maua na kaa wa kila namna. Tazameni tu. Kuchuma kome kunahitaji kibali, na askari wa wanyamapori hawajali kwamba wewe ni mgeni. Kwa miezi hii, Juni na Julai, chukueni blanketi mkae juu ya kilima mkitazama mbali. Nyangumi wenye nundu wanapita sasa hivi kutoka kwenye bahari ya barafu ya kusini, wakielekea kaskazini kuzaa katika maji ya joto. Baadhi yao hufika hadi Zanzibar na Kenya. Hapo Bluff palikuwa na kiwanda cha kuwachinja hadi mwaka 1975. Leo watu hupiga vigelegele wakiona mkia.

Mwaka jana tulikuwa juu ya kilima hicho, wanachama saba, tukiwaonea wivu nyangumi ambao husafiri bila viza. Mwenzetu mmoja, msichana wa Chatsworth anayesoma Kiswahili mwaka wa kwanza, akaonyesha kidole upande wa bandari akasema, "Bibi yangu alizaliwa hapo chini, King's Rest. Sisi tunaitwa Wazanzibari."

Tukanyamaza sote. Mimi niliyekuwa nikimsahihisha ngeli kila Alhamisi sikuwa najua.

Mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, manowari za Uingereza zilianza kuwaleta Durban watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hadi kufikia 1880 walikuwa wameletwa mamia. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, Waislamu, na kwa kuwa walipitia Zanzibar, jina hilo likawaganda. Waliitwa watu huru, lakini waliposhuka tu waliwekewa mikataba ya kazi, maana koloni la Natal lilikuwa na njaa ya vibarua. Baadaye wengi walikaa Bluff, King's Rest, kwenye ardhi iliyonunuliwa na Waislamu wenzao wa Durban. Walilima, walijenga msikiti, na lugha yao ya Kimakua pamoja na Kiswahili kidogo vikaendelea kusikika huko vizazi na vizazi.

Ikaja sheria ya mwaka 1950 ya kuwagawia watu maeneo kwa rangi, na Bluff ikatajwa kuwa ya Wazungu. Serikali ilipata taabu kuamua hawa ni watu gani, mwishowe ikawaandika "Waasia Wengine", watu ambao babu zao hawakuwahi kuiona Asia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walihamishiwa Chatsworth, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wahindi, bara, mbali na bahari.

"Bibi anasema walikuwa wanashuka baharini kwa miguu," mwenzetu alituambia. "Chatsworth alikuwa akitaka kuiona bahari lazima apande basi, tena akifika atafute bango linalomruhusu. Akaacha kwenda."

Nikakumbuka nilivyojigamba siku ile North Beach, kwamba mimi ni mwana wa pwani na pwani zote ni zangu. Hapa alikuwapo mtu aliyezaliwa juu ya pwani hii hasa, akanyang'anywa, nami nilikuwa nimekaa juu ya blanketi nikila karanga mahali alipofukuzwa. Sikujua niseme nini. Mwenzetu wa Kitale, ambaye kwao hakuna bahari, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Bibi yako bado anaweza kutembea?"

Anaweza, ila polepole.

Basi tangazo la safari hii ni hili. Jumamosi ya pili ya likizo chama kinakwenda Bluff. Tutakutana getini saa mbili asubuhi, saa zetu za Kiswahili, msije mkafika saa nane mchana. Kila mtu aje na nauli yake, maji ya kunywa na kitu cha kula cha kuweka pamoja. Bibi amekubali kuja, kwa sharti kwamba asipigwe picha na kwamba atapata kiti, si mchanga. Kiti kimeshapatikana. Anayetaka kumsalimia ajue kwamba mjukuu ametuambia bado anajua kuitikia shikamoo, na hapendi ivurugwe.

Atakayeingia majini aingie katikati ya bendera. Hata kama ametoka Pangani.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.