Redio Itupe Siku Moja

Mfanyakazi wa Unga Limited atokaye zamu ya usiku, mama auzaye ndizi katika soko la Kilombero, na kijana achumaye maua katika mashamba ya Usa River, wote wanayo redio. Mmoja huisikiliza katika simu yake, mwingine katika daladala, apende asipende. Tangu alfajiri hata usiku husikia matangazo ya biashara, mabishano ya mpira na nyimbo mpya za vijana. Hatuna ugomvi na nyimbo za vijana. Neno letu leo ni kwamba muziki mkubwa, yaani ule uliokomazwa na vizazi na utakao kusikilizwa kwa utulivu tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na ushairi na michezo ya kuigiza, umesukumwa pembeni mwa ratiba. Hupewa nusu saa hapa na dakika 10 pale, na aghalabu katika saa ambazo mtu wa kazi amekwisha lala. Twaomba redio za Arusha ziupe siku nzima.

Wengi wakisikia habari za muziki wa klasiki hudhani twawasifu Wazungu wenye suti nyeusi na fidla. Muziki huo nao tutausema. Lakini kila taifa lina klasiki yake. Waarusha na Wamasai huimba bila ngoma wala zeze; kiongozi, ambaye kwao huitwa olaranyani, hupaza sauti juu, na wenzake humjibu kwa mvumo utokao kooni, kila mmoja akishika sehemu yake. Ufundi huo haukupatikana kwa siku moja. Taarabu ambayo Siti binti Saad aliitia katika santuri huko Bombay mwaka 1928 ni klasiki. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu wa Dodoma aliyezipanga ngoma nyingi zikamzunguka akazipiga peke yake, nazo ni klasiki. Kwa miaka mingi ngoma hizo ndizo zilizotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania, na mkulima aliyesimama shambani kungoja habari alizijua kama ajuavyo sauti ya jogoo wake. Jina la mpigaji, hata hivyo, wengi hawakulijua. Hilo ni kosa dogo kwa mtangazaji na ni kosa kubwa kwa taifa, na siku tunayoiomba ianze kwa kulisahihisha: kila wimbo utangazwe pamoja na jina la aliyeuimba na mahali alikotoka.

Wako watakaosema kwamba mfanyakazi hataki mambo hayo, ati yeye hutaka kitu chepesi cha kumsahaulisha uchovu. Wasemao hivyo hawajui historia ya wafanyakazi wa nchi hii. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake chenyewe, NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na ndiyo hiyo Msondo Ngoma. Chama kilichokuwa na mashauri ya mishahara na saa za kazi juu ya meza yake kiliona kwamba muziki nao ni shughuli yake. Miaka miwili kabla ya hapo, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia kama Rais wa Jamhuri mpya, alitangaza wizara ya utamaduni, akasikitika kwamba tulifundishwa kucheza dansi za wageni na kuzionea haya ngoma zetu. Hakungoja nchi itajirike kwanza.

Na tutazame nje kidogo. Septemba 1946 shirika la BBC la Uingereza lilifungua idhaa yake ya tatu kwa ajili ya muziki wa klasiki, tamthilia na mazungumzo ya wataalamu. Nchi ile ilikuwa imetoka vitani, na mkate ulikuwa ukigawiwa kwa vipimo tangu Julai ya mwaka huohuo. Kama wao waliweza kununulia fidla muda hewani huku wakihesabu vipande vya mkate, sisi hatuwezi kujitetea kwa ufukara. Lakini yapo tusiyopenda kuyaiga. Kuiwekea sanaa idhaa yake peke yake ni kama kumjengea mgeni mheshimiwa chumba cha uani. Wasomi watamfuata huko, na wengine hawatajua kwamba amefika. Sisi twataka sanaa iingie sebuleni, katika masafa yaleyale ambayo utingo wa lori la Ngaramtoni huyasikiliza kila siku.

Mlima Meru hauna upungufu wa waimbaji. Wamisionari wa Leipzig walifika hapa katika miaka ya 1890, na wawili wao wakauawa Akeri mwaka 1896. Wenzao walirudi baadaye, wakajenga Nkoaranga. Sasa, Leipzig ndio mji ambao Johann Sebastian Bach aliuongoza kwa muziki wa kanisa tangu 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750. Hatuhubiri dini katika ukurasa huu. Twasema tu kwamba nyimbo za Kijerumani za sauti nne zimeimbwa katika mteremko huu kwa zaidi ya miaka 100, na kwamba fundi cherehani wa Tengeru aimbaye sauti ya pili kila Jumapili anaijua kazi ambayo kwingine watu huilipia ada ili kujifunza. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilicho karibu na Usa River, hufundisha muziki hadi shahada. Basi waimbaji wapo, na walimu wapo. Kinachokosekana ni muda hewani.

Siku tunayoipendekeza ni Saba Saba. Wengine watataja Siku ya Redio Duniani, tarehe 13 Februari, lakini hiyo mara nyingi huangukia siku ya kazi, na mtu hawezi kusikiliza mchezo wa saa nzima huku msimamizi akimtazama. Saba Saba ni mapumziko. Ndiyo siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954, na tangu 2021 UNESCO imeifanya kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Asubuhi waimbe wazee wa Kimeru na wa Kiarusha, wimbo mzima mzima, bila kukatizwa na tangazo la sabuni. Mchana iwe zamu ya kwaya, na Bach asikilizwe papo hapo baada yao, ili msikilizaji apime mwenyewe. Alasiri isomwe Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu ya mwaka 1969. Ni jambo la kuchekesha kidogo, na si la bahati, kwamba wafanyabiashara wa Shakespeare waligeuka kuwa mabepari miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jioni uwepo mchezo mpya kuhusu Engare Nanyuki, jinsi Wameru walivyofukuzwa katika ardhi yao mwaka 1951, na jinsi Kirilo Japhet alivyokwenda New York mwaka 1952 kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Watoto wengi wa Arusha hupita kila siku chini ya mlima huo bila kuijua habari hiyo. Usiku zipigwe kanda za zamani za Redio Tanzania, zilizo katika hazina ya TBC, Dar es Salaam.

Kanda, hata hivyo, huchakaa, na wazee hawaishi milele. Kwa hiyo redio zisingoje Julai. Matawi ya Chama yanawajua waimbaji wa kila kijiji, toka Poli hadi Oldonyosambu. Yaandike majina yao sasa, na watangazaji wapande mlimani na vinasa sauti vyao. Nauli ya huko si kubwa. Na mzee atakayeimba alipwe siku hiyohiyo, fedha mkononi, kama alipwavyo fundi yeyote aliyemaliza kazi yake.