Kocha Huyu Alisoma kwa Nani?

Kwetu pwani mtu hasimami msikitini akafasiri kitabu kwa kuwa tu ana sauti nzuri na kanzu iliyopigwa pasi. Watu humuuliza kwanza amesoma kwa nani. Naye hujibu kuwa amesoma kwa sheikh fulani, na sheikh huyo alisoma kwa fulani, na fulani kwa fulani. Mlolongo huo ndio isnadi, na ruhusa anayopewa mwanafunzi na sheikh wake ili naye akafundishe ndiyo ijaza. Mwenye ijaza akipotoka, watu wanajua pa kumshtakia. Asiyekuwa nayo akipotoka, kila mtu husema, “Kwani tulimjua?”

Leo nataka kuipeleka desturi hii uwanjani, kwa walimu wa mbio. Najua wako watakaocheka, waseme huyu mzee amechanganya chuo na mchezo. Nawaomba wasubiri.

Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na karatasi. Binti yake amepata nafasi katika chuo kikuu hapa pwani, na huko amejiunga na chama cha riadha, kwani miguu anayo tangu utotoni. Sasa kuna bwana aitwaye kocha ambaye amemtaka binti aende kambini bara kwa miezi mitatu, na karatasi ile ilikuwa ya mzazi kutia sahihi. Mama alisema, “Maalim, wewe ni mtu wa magazeti. Nisomee, kisha nambie mtu huyu ni nani.” Niliisoma yote. Jina la bwana yule lilikuwapo, na nambari yake ya simu, na neno “kocha” kwa herufi kubwa. Alikotoka, aliyemfunza, na aliowafunza yeye, hapana hata harufu yake.

Swali la mama yule ndilo nililolichukua nikaenda nalo mbali, hadi Australia, kwa sababu huko kuna kisa cha mwalimu wa riadha wa chuo kikuu ambacho kina mafunzo kwetu, na ambacho kimeigusa Kenya mara mbili.

Mkimbizi aliyekuwa mwalimu

Franz Stampfl alizaliwa Vienna, nchini Austria, mwaka 1913. Alikuwa mtupaji mkuki na mtu wa kuteleza kwenye theluji, na masomo yake yalikuwa ya uchoraji. Katika miaka ya 1930 alihamia Uingereza. Vita vikuu vilipopamba moto, Waingereza walimtazama kwa lugha aliyozaliwa nayo, wakamhesabu kuwa mtu wa nchi adui, wakamfunga. Mwezi wa Julai 1940 alipakiwa pamoja na mahabusu wengine wapatao 2,500 katika meli iitwayo Dunera, wakapelekwa Australia kuzuiwa kambini. Wengi wa watu hao walikuwa ni Mayahudi na wapinzani wa Hitler waliomkimbia huyo huyo adui wa Waingereza. Ndivyo vita vilivyo. Havina macho ya kupambanua.

Baada ya vita Stampfl alirudi Uingereza, akafundisha mbio Belfast na kisha London. Wakati huo waungwana wa Oxford na Cambridge waliona ni aibu kidogo kuwa na kocha. Mwanamichezo muungwana, kwa itikadi yao, alijifunza mwenyewe. Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Oxford, alikuwa mmoja wa wenye fikira hizo. Lakini rafiki zake Chris Brasher na Chris Chataway walikuwa wakienda kwa huyu Mwaustria, na mwishoni Bannister naye akakubali kumsikiliza.

Mazoezi yalikuwa ya namna ya kukata na kupumzika: robo maili mara kumi, na kati ya kila moja pumziko fupi. Kwa miezi waliipunguza saa yao pole pole, kutoka sekunde 66 hadi wakafika 59. Siku yenyewe, tarehe 6 Mei 1954, upepo ulivuma vibaya, na Bannister alikuwa akijadiliana na nafsi yake kama ajaribu au aache. Ndani ya gari moshi la kwenda Oxford alikutana na Stampfl, naye mwalimu akamwambia kwamba uwezo anao, na kwamba nafasi ikipita huenda isirudi. Jioni ile, katika uwanja wa Iffley Road, Bannister alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 4.

Tazama, msomaji, kazi ya mwalimu ilikuwa ipi. Miguu ilikuwa ya Bannister. Brasher na Chataway ndio waliomvutia mwendo. Stampfl alitoa hesabu ya mazoezi, kisha akatoa neno moja katika saa ya shaka. Mtu aliyewahi kufungwa bila ya kosa, akavuka bahari chini ya bunduki, neno lake juu ya upepo wa Oxford lina uzito ambao cheti hakiwezi kuutia.

Kiprugut na Doubell

Mwaka 1955 Stampfl alirejea Australia, safari hii kwa hiari, akawa mwalimu wa riadha katika Chuo Kikuu cha Melbourne. Nchi iliyompokea kama mahabusu ikamkabidhi watoto wake. Mmoja wa watoto hao alikuwa Ralph Doubell, mwanafunzi wa chuo hicho, ambaye mwaka 1967 alishinda mita 800 katika michezo ya vyuo vikuu vya dunia mjini Tokyo.

Hapa ndipo kisa kinapoigusa Kenya mara ya kwanza. Tarehe 15 Oktoba 1968, mjini Mexico City, mwenzetu Wilson Kiprugut aliingia fainali ya mita 800. Huyu ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya Tokyo mwaka 1964. Kiprugut alishika uongozi akakaza, na nyuma yake Doubell akamfuata kama kivuli, asiharakishe, asiachwe. Walipoingia katika ule mnyoosho wa mwisho Doubell alipita. Saa yake ilikuwa dakika 1 na sekunde 44.3, sawa na rekodi ya dunia, na Kiprugut akaingia kwa 44.5. Sehemu mbili tu za kumi za sekunde! Kiprugut aliaga dunia Novemba 2022, na fedha yake ile ingali ni heshima kwetu sote.

Mara ya pili ni hii. Saa ya Doubell ilibaki kuwa rekodi ya Australia kwa miaka 50. Aliyeivunja, mwaka 2018, ni Joseph Deng, kijana wa asili ya Sudan Kusini aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa hapa Kenya. Basi rekodi iliyojengwa kwa mkono wa mkimbizi kutoka Vienna imekuja kuvunjwa na mtoto wa wakimbizi kutoka Turkana, naye alifunzwa Melbourne vile vile. Mwenyezi Mungu huzungusha mambo.

Na Stampfl mwenyewe? Mwaka 1980 alipata ajali ya gari iliyompooza mikono na miguu. Hakuacha kazi. Aliendelea kufundisha akiwa katika kiti cha magurudumu, hadi alipofariki mwaka 1995. Wanafunzi walikuja kwa mtu asiyeweza kuinua kidole ili awafunze kwenda mbio.

Asiyekuwa na sheikh

Msomaji mwenye hoja ataniuliza: je, hapana mwalimu aliyefaulu bila ya isnadi? Yuko, tena katika jimbo lile lile. Percy Cerutty alikuwa mtumishi wa posta, mgonjwa mgonjwa, ambaye afya ilimwangusha akiwa mtu mzima hata akakaribia kukata tamaa. Hakupata kocha wa kumwinua. Alijitibu mwenyewe kwa chakula, kwa kutembea na kwa mbio, na akiwa amevuka umri wa miaka 50 alikuwa akikimbia marathoni. Kisha akafungua kambi pwani, mahali paitwapo Portsea, akawapandisha vijana vilima vya mchanga. Kutoka kambi hiyo alitoka Herb Elliott, aliyeshinda mita 1,500 Roma mwaka 1960 kwa dakika 3 na sekunde 35.6.

Stampfl na Cerutty hawakupatana. Mmoja alishika saa na hesabu, mwingine alitukana saa na hesabu akasifu mchanga na bahari. Merv Lincoln, mwanafunzi wa Stampfl, na Elliott, mwanafunzi wa Cerutty, walikuwa wakipambana uwanjani kana kwamba ni madhehebu mawili. Lakini katika jambo moja wazee hawa walikuwa sawa: kila mmoja alijulikana alikotoka, na kila alichokiamuru kilikuwa na ushahidi. Ushahidi wa Cerutty ulikuwa ni mwili wake mwenyewe, kwani alipanda vile vilima mbele ya wanafunzi. Kwa hiyo asiyekuwa na sheikh naweza kumkubali, maadamu ana ushahidi wa pili. Asiyekuwa na sheikh wala ushahidi, huyo ndiye nimwogopaye.

Turudi nyumbani

Sababu ya woga wangu si ndogo. Mnamo Novemba 2022 Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa na chama cha riadha cha dunia kwa ajili ya dawa zilizoharamishwa, na serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kupambana nazo. Mwanariadha akikamatwa, picha yake hujaa magazetini. Ni mara chache tuulize aliyekuwa akimwongoza ni nani, ilhali kanuni za kupiga vita dawa hizo zinamhusu kocha na daktari kama zinavyomhusu mkimbiaji, na anayemtia mwanariadha dawa aweza kufungiwa maisha.

Kisha kuna msiba mwingine. Oktoba 2021 Agnes Tirop, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten. Baada ya hapo wanariadha wa kike walisema waziwazi jambo walilokuwa wakilinong'ona: kwamba wako wanaume wamwendeao msichana mwenye kipaji kwa jina la ukocha, kisha wakawa waume, kisha wakawa watunza fedha, mpaka binti hana chake hata nafsi yake. Wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels ili kuwakinga wasichana wengine. Mama yule aliyeniletea karatasi hakuyasoma haya mahali. Moyo wa mzazi ndio uliomwambia.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kocha awe mtu wa kwetu, wala wa kabila fulani, wala awe amewahi kuvaa medali. Stampfl hakuwa Mwingereza wala Mwaustralia. Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, kocha wake alikuwa Mnyarwanda, Gervais Hakizimana, aliyekuwa mkimbiaji kabla yake. Wakafa pamoja katika ajali ya gari tarehe 11 Februari 2024, Mungu awarehemu. Ugeni si kosa. Kosa ni kutojulikana.

Wala sivikebehi vyeti. Kozi za ukocha zafaa, na atakayezisoma ni bora kuliko asiyesoma. Lakini cheti husema mtu alihudhuria darasa. Hakisemi alifanya nini na msichana wa miaka kumi na tisa alipoumia goti wiki moja kabla ya mashindano. Hilo lajulikana kwa waliopita mikononi mwake peke yao.

Tunavyo sasa vyuo vikuu pwani, Kilifi, Mombasa na Voi, na kila kimoja kina vijana wapendao mbio. Mombasa nayo si ngeni wa riadha: mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa tarehe 24 Machi 2007, na joto letu likamshinda hata Kenenisa Bekele, akaacha njiani. Navishauri vyuo hivyo vifanye jambo moja lisilogharimu shilingi. Kila kocha anayepewa chama cha riadha cha wanafunzi, aandikwe katika daftari lililo wazi kwa mzazi: alizaliwa wapi, alifunzwa na nani, amefunza wapi na kwa miaka mingapi, na majina ya wanafunzi wake watatu wa zamani walio tayari kuulizwa. Na kambi yoyote ya nje, iwe na mwanamke mtu mzima wa kuwaangalia wasichana. Kocha mwema hataudhika kwa hayo. Mwenye ijaza hufurahi kuombwa aionyeshe. Atakayeudhika, kuudhika kwake ndiko jawabu.

Na kwa wazazi wenzangu, nimeandika ubeti huu ili mkumbuke la kuuliza:

Mwana nimpapo mtu, amfunze kukimbia,
Siulizi yake kitu, si nchi aliyojia,
Nauliza ni nani tu, aliyemtangulia,
Na wapi wamefikia, aliowafunza njia.