Kamati ya Harusi Tunaiweza, Tuunde na ya Uzazi

Kijana wa mtaani kwenu akitangaza kwamba anaoa, hakuna anayeuliza kazi ianzie wapi. Jumapili inayofuata kikao kimeshakaa. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, katibu ameshafungua kundi la WhatsApp na kadi za michango zimeanza kugawiwa. Kuna mtu wa ukumbi, mtu wa vinywaji, mtu wa magari. Aliyeahidi laki moja akichelewa, atapigiwa simu mpaka atoe. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, tunajua bibi harusi atapanda gari gani na litaendeshwa na nani.

Binti huyohuyo akipata ujauzito mwaka unaofuata, kamati haionekani. Uchungu unamshika saa nane za usiku, ndipo watu wanaanza kuulizana nani ana namba ya mwenye bajaji. Mume yuko safarini. Pesa zipo kwenye simu, na simu imezima. Mtoto mkubwa abaki na nani? Yale tuliyoyaweza kwa ajili ya sherehe ya jioni moja yanatushinda usiku ambao maisha ya watu wawili yako mikononi mwetu.

Nakuomba jambo moja: kila mjamzito aliye karibu nawe awe na kamati yake. Haihitaji ukumbi wala sare. Watu watano wanatosha, na kikao kimoja cha chai kinatosha kuianzisha.

Sababu yake ni hii. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba nyuma ya vifo vingi vya uzazi kuna kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Huko kwa tatu tutawadai serikali na wahudumu wa afya. Huko kwa kwanza na kwa pili ni nyumbani kwetu na barabarani kwetu. Hapa Tanzania tumeshaona kwamba hali inabadilika watu wakiamua. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015/16 zilikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Zile za mwaka 2022 zilikuta 104. Katika kipindi hicho wanawake wanaojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Safari ndefu imeshatembewa. Kipande kilichobaki kinapita mlangoni kwako na kwangu.

Sasa tugawane kazi.

Wa kwanza ni mtu wa uamuzi. Nyumba nyingi, mjamzito akianza kutokwa damu, husubiri: mume apatikane kwenye simu, mama mkwe aseme neno, kukuche kwanza. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumwondoa mama duniani ndani ya saa chache, na damu haisubiri kikao cha ukoo. Mume, kama unasafiri, sema mapema mbele ya mashahidi: mimi nisipokuwepo, jirani huyu aamue, nami sitamlaumu. Sentensi hiyo haina gharama.

Wa pili ni mtu wa usafiri. Chukua namba za madereva wawili wanaolala mtaani, kwa maana mmoja anaweza kuwa na pancha. Elewaneni nauli ya usiku sasa, wakati hakuna anayelia. Mjamzito anayeishi mbali na kituo ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua pale ilipo. Dharura ikitokea, upo mfumo wa m-mama: unapiga 115 bila malipo, na wapokeaji wa simu hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Andika namba hiyo kwa chaki nyuma ya mlango, hata mtoto wa darasa la nne aione.

Wa tatu ni mweka hazina. Sera inasema huduma za mjamzito ni bure katika vituo vya umma, lakini nauli si bure, chakula cha msindikizaji si bure, na wanawake wengi bado huambiwa waje na vifaa vyao. Kikoba kinachoweza kukopesha mtaji wa vitumbua kinaweza pia kutenga mfuko wa uzazi. Mama akiweka kidogokidogo tangu mwezi wa tatu, hatauza kuku wa watu mwezi wa tisa.

Wa nne ni mtu wa uchangiaji damu. Hapa tuna mazoea mabaya: tunangoja simu ya usiku, kisha tunakimbilia hospitali tukiwa tumekunja mikono ya mashati. Damu haitoki kwa mchangiaji ikaingia kwa mgonjwa papo hapo. Lazima ipimwe kwanza. Inayomfaa mama usiku wa leo ni ile iliyotolewa kabla, ikapimwa na kuhifadhiwa. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kwa hiyo mkisikia mtaani kuna mjamzito, nendeni mkachangie mwezi huohuo, hata kama kundi la damu yenu halifanani na lake, kwa kuwa benki ya damu ni ya wote. Na mama ajue kundi lake, maana limo kwenye kadi ya kliniki. Akiwa na damu hasi, amwambie nesi na ndugu zake mapema, kwa sababu wenye damu ya namna hiyo ni wachache.

Wa tano ni msindikizaji: shangazi, dada, wifi au mume mwenyewe, yeyote ambaye mama amemchagua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayejifungua awe na mtu wake pembeni. Mkoani Kigoma, katika miaka ya 2016 hadi 2018, baadhi ya vituo viliwaruhusu wasindikizaji kuingia leba, ikaonekana kwamba jambo hilo linawezekana hata kwenye majengo yetu yenye nafasi finyu. Ulizeni kituoni kwenu utaratibu ukoje kabla ya siku kufika. Kama wodi haina pazia, basi pazia nalo ni mchango ambao kamati inaweza kuupeleka.

Najua kuna atakayesema: mambo ya mimba hayatangazwi, watu wana macho. Sawa. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa tusinunue hata soksi za mtoto kabla hajazaliwa, wala sikudai uwatangazie watu wa sokoni. Kamati ya watu watano inaweza kutunza siri kama inavyotunza fedha. Ila kliniki wasifichwe. Mhudhurio wa kwanza unatakiwa ufanyike kabla ya wiki ya 12, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane. Anayeificha mimba mpaka mwezi wa sita huwaficha wahudumu upungufu wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI na shinikizo la damu, mambo ambayo yakijulikana mapema yana tiba au yana namna ya kuyadhibiti.

Na akienda kliniki, aende na maswali yake. Hakuna swali la kijinga kwa mama kijacho. Vidonge vya kuongeza damu vinanigeuza choo kuwa cheusi, je, ni vibaya? Hapana, ndivyo vilivyo. Vimeze baada ya kula, na chai ya rangi isogezwe mbali, maana hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Je, nile mayai, au mtoto atazaliwa hana nywele? Kula mayai, maharage, dagaa na mchicha. Nywele za mtoto hazina habari na yai lako. Ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni? Hamu yake inaweza kuwa dalili kwamba damu imepungua, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo. Mwambie nesi badala ya kuuficha kwenye pochi. Vidonge vya SP vya kukinga malaria? Huanza mwezi wa nne, na nesi ataangalia kama vinakufaa, hasa kama unatumia dawa nyingine. Siku ya matazamio ikipita bila uchungu? Ni watoto wachache wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa, lakini rudi kituoni ukaangaliwe. Usikae nyumbani ukihesabu. Na zile dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu? Hapo kamati isimame kidete. Zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, na mfuko ukipasuka, mama na mtoto wote wako hatarini.

Kamati nzima, hata mwenye bodaboda, izikariri dalili za hatari: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona giza au maluweluwe, uso na mikono kuvimba, homa, tumbo kuuma vikali, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza au kucheza kidogo kuliko kawaida, na degedege. Kwa hiyo ya mwisho nasema kwa sauti: mjamzito akidondoka na kukakamaa, huenda ni kifafa cha mimba. Mashetani hayahusiki. Safari ni ya hospitali, tena sasa hivi.

Mwezi wa nane begi liwe limefungwa: kadi ya kliniki, khanga au vitenge safi, pedi, nguo na kofia ya mtoto, sabuni, beseni, chaja, na vile vifaa ambavyo kituo kimeagiza. Likae pale ambapo kila mwanakamati analijua. Mama mwenyewe hatakuwa na nafasi ya kueleza ufunguo uko wapi.

Mtoto akizaliwa salama, kamati isivunjwe. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na wiki za kwanza ndizo zinazoihitaji mikono zaidi. Watu wa pwani wana uji wa pilipili manga na maji ya moto ya kumkanda mzazi, Wachaga wana mtori wao. Yote hayo ni upendo, mradi maji yasimuunguze. Tuongeze machache. Mtoto akaushwe, awekwe ngozi kwa ngozi na mama yake, aanze kunyonya ndani ya saa moja. Maziwa yale ya njano ya mwanzo yasikamuliwe yakamwagwa, humpa kinga. Kuogeshwa kungoje walau saa 24. Kitovu kiachwe kikavu, pasipo majivu, mafuta wala samadi. Kwa miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanatosha, maji na uji vingoje.

Na wewe mgeni, methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone itimie kweli. Njoo na ndoo ya maji, fua nepi mbili tatu, mpeleke mtoto mkubwa shule, kisha uondoke mapema. Ukiwa na mafua, hongera yako itume kwa simu. Mkumbushe mzazi arudi kituoni ndani ya saa 48 kama alijifungulia nyumbani au aliruhusiwa mapema, kisha siku ya 7, na aendelee mpaka wiki ya sita. Mtoto akishindwa kunyonya, akihema harakaharaka, akichemka au akipoa mno, akiwa wa manjano mpaka kwenye nyayo, msiulizane, nendeni. Mama naye aulizwe hali yake. Akiwa analia siku nyingi, halali hata mtoto akilala, na wiki mbili zimepita, huo si uvivu wala deko. Ni ugonjwa, nao una msaada.

Waajiri, kamati hii ni yenu pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Baba, siku hizo si za kupokea pongezi kijiweni. Ni za kupika, kufua na kumsajili mtoto apate cheti cha kuzaliwa. Kwa walio chini ya miaka mitano usajili ni bure. Wenyeviti wa mitaa na vijiji, ulizeni kila mwezi: wajawazito wetu ni wangapi, na kila mmoja ana dereva? Wahudumu wa afya, mkiona watu watano wamemleta mama, msiwafukuze kama umati, wapangieni kazi.

Unafahamu nani mtaani kwenu ana mimba. Kabla wiki hii haijaisha, mwendee, umsalimie kama desturi inavyotaka, kisha umuulize: dada, usiku ukishikwa na uchungu, nani atakupeleka? Akinyamaza, umeshakuwa mwanakamati wa kwanza. Tafuta wanne wengine.