Vikwazo vinamgusaje mtu anayeishi porini? Safari ya Musa Baluku wa ADF

Machi 2023 Marekani ilitangaza zawadi ya hadi dola milioni 5 kwa atakayetoa taarifa za kumpata Seka Musa Baluku. Ni hela ambayo mkulima wa kakao kule Beni hawezi kuihesabu maisha yake yote. Miaka miwili na zaidi baadaye, watu wa Baluku walikuwa bado wanaingia vijijini usiku wakiwa na mapanga.

Julai 27, 2025 waliwavamia waumini waliokuwa kwenye mkesha kanisani Komanda, mkoa wa Ituri. Zaidi ya 40 waliuawa, wakiwemo watoto. Septemba mwaka huohuo ikawa zamu ya Ntoyo, eneo la Lubero, Kivu Kaskazini. Pale watu walikuwa msibani, na zaidi ya 60 hawakurudi nyumbani.

Huyu Baluku ni nani hasa, na kwa nini karatasi zote zilizoandikwa New York na Washington hazijamtoa msituni?

Mtu wa pili aliyepanda

Baluku ni Mganda, mzaliwa wa Kasese, wilaya iliyo chini ya Milima ya Rwenzori kwenye mpaka na Kongo. Aliingia ADF enzi kundi hilo lilikuwa bado la waasi wa Uganda wenye ugomvi na serikali ya Rais Yoweri Museveni. Lilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 na vijana wa Kiislamu wa kundi la Tabligh, wakaungana na mabaki ya waasi wa NALU waliokuwa tayari Kongo. Novemba 1996 wakavuka mpaka na kushambulia Mpondwe, hukohuko Kasese.

Bosi wakati huo alikuwa Jamil Mukulu. Baluku hakujulikana kama mpiganaji wa mstari wa mbele. Nguvu yake ilikuwa kwenye dini na hukumu: yeye ndiye shehe aliyesikilizwa kambini, mwenye neno juu ya nani aadhibiwe na kwa namna gani. Kwa kundi lililojificha porini miaka nenda rudi, huyo si mtu mdogo. Bunduki anaweza kushika yeyote, ila anayesema "hii ndiyo sheria ya Mungu" ni mmoja.

Mwaka 2014 jeshi la Kongo lilianzisha operesheni ya Sukola I na kuwafurusha kambini. Mukulu akakimbia. Mwaka 2015 akakamatwa Tanzania na kupelekwa Uganda kujibu mashtaka. Wengi walidhani hadithi ya ADF imeishia hapo.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Baluku alichukua usukani, na mauaji ya raia kuzunguka mji wa Beni, yaliyoanza Oktoba 2014, yakawa jambo la kila mara.

Kutoka waasi wa Uganda hadi "jimbo"

Uamuzi mkubwa wa Baluku ni kuipa ADF bwana mpya. Aprili 2019 Dola la Kiislamu, IS, lilidai kwa mara ya kwanza kuhusika na shambulio nchini Kongo, karibu na Beni. Mwaka uliofuata Baluku mwenyewe alitamka kuwa ADF haipo tena, kwamba wao sasa ni sehemu ya jimbo la IS la Afrika ya Kati.

Si wote walimfuata. Waliobaki na moyo wa Mukulu walijitenga, wakawa kikundi kidogo kisicho na makali. Kwa Baluku hiyo haikuwa hasara kubwa. Alipata jina linaloogopwa duniani, video zake zikapata watazamaji, na milango ya pesa na wapiganaji ikafunguka. Vijana wakaanza kutoka Tanzania, Burundi na Kenya, si Uganda na Kongo tu.

Tanzania ililipa mapema. Desemba 7, 2017 kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki ilishambuliwa na askari 15 wa JWTZ wakauawa. Umoja wa Mataifa uliielekezea ADF kidole.

Kisha vita vikarudi Uganda. Novemba 16, 2021 milipuko ya kujitoa mhanga ilitikisa katikati ya Kampala. Wiki mbili baadaye ndege na mizinga ya Uganda ikaanza kupiga kambi ndani ya Kongo, kwa makubaliano na Kinshasa, katika kinachoitwa Operesheni Shujaa. Na Juni 2023 wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mpondwe iko Kasese. Yaani kundi linaloongozwa na mtoto wa wilaya hiyo lilichinja watoto wa wilaya hiyohiyo.

Orodha zinafanya nini?

Desemba 2019 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea Baluku vikwazo pamoja na wenzake watano kwa ukiukaji wa haki za binadamu. Februari 2020 Umoja wa Mataifa ukamwingiza kwenye orodha yake ya Kongo. Machi 2021 Marekani ikarudi tena, safari hii ikimtaja kama gaidi na kundi lake kama tawi la IS.

Kwa lugha rahisi, vikwazo hivi vinasema mambo mawili: mali yako popote ilipo izuiwe, na usivuke mpaka wa nchi yoyote. Sasa mwambie hayo mtu anayelala chini ya turubai katika msitu wa Ituri. Hapangi foleni benki wala hasubiri ndege Entebbe. Mpaka anauvuka kwa miguu, usiku.

Ndiyo maana wengi wanaviona vikwazo kama kelele za ofisini. Wana haki kwa kiasi, lakini si yote. Baluku hafanyi kazi peke yake. Yupo anayepokea hela kwa simu mjini, anayeituma kwa hawala, anayenunua dawa na betri, anayempangishia chumba kijana aliyetoka mbali kabla hajavushwa. Hawa wana akaunti, wana laini zilizosajiliwa, wana pasipoti. Mwaka 2018 Kenya ilimkamata mtu aliyedaiwa kuendesha mtandao wa fedha za IS, na Marekani ikamwekea vikwazo. Watafiti baadaye walifuata nyayo za hela hizo hadi ADF. Ukimkamata mtu wa namna hiyo, kambi inasikia njaa.

Shida ni kwamba sehemu ya riziki ya kundi haipiti kwenye mtandao wowote. Wanapora maduka na zahanati, wanavuna kakao ya watu waliokimbia, wanateka na kudai fidia, wanawatoza wachimba dhahabu. Mateka wanabebeshwa mizigo iliyoporwa kama wapagazi. Hakuna orodha ya New York inayoweza kuzuia gunia la kakao lililokwisha kuchanganywa na magunia mengine sokoni, labda mnunuzi aulizwe limetoka shamba la nani. Swali hilo mara nyingi haliulizwi.

Halafu kuna vita vingine. M23 walipoiteka Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, macho ya dunia na askari wengi wa Kongo walielekea huko. ADF haikuhitaji kushinda vita yoyote. Ilihitaji tu barabara zisizo na doria, na Lubero ilikuwa nazo.

Operesheni Shujaa nayo imeua makamanda na kuvunja kambi, hilo halina ubishi. Lakini kila kambi inapovunjwa watu wake hutawanyika vikundi vidogo na kwenda mbali zaidi, magharibi na kaskazini, kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuona askari. Jeshi la Kongo lilipoteka kambi kuu ya Madina Januari 2020, raia ndio waliolipa kwa mauaji ya kisasi.

Baluku akikamatwa, atakayemfuata huenda naye jina lake tayari liko kwenye karatasi. Februari 2024 Umoja wa Mataifa uliongeza wakuu wengine wawili wa ADF kwenye orodha. Mmoja ni Mohamed Ali Nkalubo, Mganda anayejulikana kama Meddie Nkalubo. Wa pili ni Ahmad Mahmood Hassan, maarufu kama Abwakas. Huyo ni Mtanzania.