Tamko Kuhusu Mikataba ya Miaka Mingi ya Ununuzi wa Zana za Kijeshi

Sisi, walimu na mafundi mitambo wa chama chetu hapa Kyambogo, tunataka kila mkataba wa zana za kijeshi unaovuka mwaka mmoja wa fedha upitishwe na Bunge la Uganda kabla ya kutiwa saini.

Sheria ipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 kinakataza kuifunga Serikali kwa zaidi ya mwaka mmoja wa fedha bila idhini ya Bunge. Yaliyo ya siri kamati ya Bunge iyasikilize faraghani, lakini iyasikilize mapema.

Tunayakumbuka ya nyuma. Helikopta nne za Mi-24 zilizonunuliwa kutoka Belarus mwaka 1998 zilionekana hazifai kuruka, na tume ya uchunguzi ya Jaji Julia Sebutinde ikaundwa fedha zikiwa zimekwisha kutoka. Mwaka 2011 zaidi ya dola milioni 700 zilichotwa katika akiba ya Benki Kuu kwa ajili ya ndege sita za kivita za Su-30 na zana nyingine. Bunge likaombwa idhini baadaye. Hatupingi jeshi kuwa na ndege. Tunapinga wabunge kuitwa kubariki malipo yaliyokwisha kufanyika.

Wala hatupingi mikataba mirefu. Sisi wenyewe tunaihitaji. Mwenye karakana akipewa oda ya mwaka mmoja ya bushi na bolti za magari ya deraya, hathubutu kukopa anunue mashine mpya ya kukereza vyuma. Juni ikifika, mwanagenzi anaachishwa ndiyo kwanza mkono wake umeanza kuzoea vipimo. Oda ikiwa ya miaka mitano, mashine itanunuliwa, kijana atabaki, na bei ya kipuri itashuka. Marekani hununua nyambizi za Virginia kwa njia hii, ila sheria yake inataka kwanza muundo wa chombo uwe umetulia. Sharti hilo kwetu ndilo kubwa kuliko yote: mtambo usiojaribiwa usifungiwe mkataba wa miaka mingi hata ukiuzwa kwa bei nafuu.

Malipo yafuate ukaguzi wa wahandisi. Vipuri na mafunzo viwe ndani ya bei. Kinachoweza kutengenezwa Nakasongola, kwenye kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries, au katika karakana za raia, kisiagizwe nje.

Tunaiomba Kamati ya Bunge ya Ulinzi na Mambo ya Ndani itupokee kabla bajeti ijayo haijapitishwa.

Limetolewa Kyambogo, Kampala, na Mwenyekiti na Katibu kwa niaba ya wanachama.